Jino la Sitini na Moja

Jumanne, 3 Juni

Kwenye faili ya kampuni yetu ya kutunza wazee leo asubuhi nimeandika: "Amekunywa chai. Amekula chapati moja na nusu. Amemeza dawa zote. Hana malalamiko." Yote ni kweli, na hakuna hata moja linalomweleza Mzee Gurnam. Kwa hiyo nimenunua daftari hili pale Stratford Road, niandike yale ambayo faili haiyataki.

Mimi ni Jelagat, mtu wa Kapsabet, miaka hamsini na miwili, mwaka wa tano hapa Birmingham. Ninakaa Erdington nyumba moja na Kendi, nesi, Mmeru mwenye kelele nyingi na moyo mzuri. Asubuhi na jioni napanda treni hadi mjini, kisha basi hadi Sparkbrook, kumwogesha, kumlisha na kumpa dawa mzee wa miaka themanini na moja aliyezaliwa Kisumu. Kazi yake ilikuwa kukata vyuma, kwanza karakana ya reli kule Kisumu, baadaye kiwanda kimoja cha Tyseley ambacho kilishafungwa. Siku ya kwanza nilipoingia aliniuliza, "Kisumu iko namna gani?" kana kwamba nimetoka huko asubuhi ileile. Nikamwambia iko sawa. Sijakanyaga Kisumu tangu mwaka 2009.

Leo ameniomba nimshushie mkebe wa biskuti ulio juu ya kabati. Ndani hamna biskuti. Mna kijitabu cha wageni, kurasa zimegeuka manjano, cha kijiji cha Ufaransa kiitwacho Saint-Orlan.

"Iko mto, iko pango, iko kanisa juu ya mawe," akanionyesha picha moja moja. "Na hii iko kinu ya maji. Ndani yake iko gia yangu."

Nikafikiri joto limempanda kichwani. Joto lenyewe mwaka huu si mchezo.

Jumatano, 4 Juni

Amekula. Mvua hakuna.

Jumatatu, 9 Juni

Kumbe mzee haweweseki. Mwaka 1988 gia ya kinu kile ilipasuka, na kwa njia ambazo hata yeye hazijui, agizo likafika Tyseley. Akaikata yeye. Miezi miwili baadaye msagaji akaandika barua ya mistari mitano: gia imefika, wiki ijayo tunaifunga, njoo na mkeo mwione inavyozunguka. Ndani ya bahasha akatia kijitabu. Mzee na marehemu mkewe Jaspal, ninayemwita Mama Jaspal, walikisoma kila kiangazi, wakachagua watakapoanzia, wakabishana kuhusu pango. Kisha mzee akasema mwakani. Ikawa miaka thelathini na saba ya mwakani. Mama Jaspal alifariki mwaka juzi, na mwezi uliopita daktari alimwambia mzee kwamba moyo wake umechoka.

"Msimu hii, Jelagat. Ingine mimi hapana subiri."

"Na nani atakupeleka?"

"Wewe."

Nilicheka mpaka akanuna. Halafu nikakaa chini, nikakitazama kijitabu tena. Ngome iliyobomoka. Korongo lenye mto kwa chini. Mahali pa kufulia nguo palipojengwa kwa mawe, kina mama wamepiga magoti. Miaka mitano niko Ulaya na nimeona nini? Treni, basi, bafu za watu. Nikasema ndiyo. Nina likizo ya wiki moja ya Agosti, na likizo ni yangu.

Ila nilimpa sharti moja, lile ambalo Wakenya tunalijua bila kufundishwa: hakuna kusema mpaka viza itoke. Pasipoti ya Kenya haikupeleki Ufaransa hivihivi. Shangazi yangu alitangaza safari ya Kanada kanisani, akaombewa, akapewa sweta tatu, kisha akanyimwa viza. Hadi leo anapita njia ya nyuma kwenda sokoni. Kwa hiyo asijue mtu, si Kendi, si Kulwinder. Kulwinder ndiye binti pekee wa mzee, ana famasi Solihull, na kila Jumapili anakuja kukagua friji kama bwana afya.

Mzee akaweka kidole mdomoni. "Mimi hapana sema."

Alhamisi, 12 Juni

Pasipoti ya mzee ilikwisha muda mwaka 2019. Amejaza fomu mwenyewe, ametia sahihi mwenyewe, nami nimeipeleka posta pamoja na pasipoti ya zamani na picha mpya. Kwenye picha amekunja uso utafikiri anang'olewa jino.

Jumatatu, 16 Juni

Joto. Kila nikifika, swali la kwanza si habari yako. "Angalia kwa simu. Kule imenyesha?" Kinu hakiendi bila mto, na mto wa Saint-Orlan, unaoitwa Verne, ni mdogo. Haijanyesha kule. Hapa pia haijanyesha.

Jumapili, 22 Juni

Nitaandika kwa mpangilio.

Nimefika saa kumi na moja jioni nikamkuta Kulwinder amesimama chumbani, droo ya karatasi za mzee iko wazi, vitu viko kitandani.

"Jelagat, where's Dad's passport?"

Kiswahili anakielewa, alilelewa nacho, ila hujibu Kiingereza tu. Nikamtazama mzee. Mzee amekaa kwenye kiti chake, mikono juu ya mkongojo.

"Baba," nikasema, "mwambie."

Nilitaka aseme. Naapa nilitaka aseme. Lakini yeye alidhani ninampima, akakaza uso wa kiaskari.

"Mimi hapana jua," akasema.

"Dad, you don't know? Ilikuwa hapa!" Hilo moja alilisema kwa Kiswahili, kwa hasira.

Hapo nilipaswa kufungua mdomo. Badala yake nikaona uso wa shangazi yangu, zile sweta tatu, ile njia ya nyuma ya sokoni. Nikasema, "Iko salama."

"Safe where?"

"Ngoja kidogo, Kulwinder. Utajua tu."

Ewe Jelagat! Mtu anauliza pasipoti ya baba yake, wewe unamwambia utajua tu! Hata mimi ningewapigia polisi. Yeye hakuwapigia polisi, aliipigia kampuni simu, mbele yangu, kwa sauti ya mtu anayesoma maandishi ya dawa. Mzee alianza kusema kitu kwa Kipunjabi. Kulwinder akainua kiganja, akamnyamazisha. Nikachukua mkoba wangu nikatoka bila kumpa dawa ya jioni. Dawa ya jioni ni ile nyeupe ndogo. Natumaini ameikumbuka.

Jumanne, 24 Juni

Kampuni imenisimamisha hadi uchunguzi uishe. Nimewaambia iliko pasipoti, wamesema wataulizia. Karatasi zangu za kuishi hapa zimefungwa kwa kampuni hii. Hilo sitaliandika mara mbili.

Jumatano, 25 Juni

Nimefua mapazia.

Ijumaa, 27 Juni

Nimemweleza Kendi. Nilitegemea pole.

"Yaani ulikuwa unaenda France na hukuniambia? Mimi nalala hapo ng'ambo ya ukuta?"

"Viza haikuwa imetoka."

"Viza gani, na sasa utarudishwa kwenu na ndege ya kwanza? Si umwambie tu huyo mama ukweli?"

"Amenitazama kama mwizi, Kendi."

"Na wewe umejibu kama mwizi! Nakwambia na roho safi."

Nimemwandikia Kulwinder ujumbe mara tano, nimeufuta mara tano. Ni kiburi, najua. Namwona na friji yake na lebo zake na kile kiganja chake, na kidole kinakataa kubonyeza.

Jumatatu, 30 Juni

Joto limezidi. Nimeangalia kwa simu mvua ya Saint-Orlan, kwa mazoea. Hakuna.

Jumamosi, 5 Julai

Kengele ililia saa nne asubuhi. Nilikuwa na kitambaa kichwani na sabuni mikononi. Mlangoni ni Kulwinder, amekumbatia mkebe wa biskuti.

Pasipoti mpya imefika kwa posta, yenye jina la mzee na ile sura ya kung'olewa jino. Mzee alipoiona alisema, "Sasa naweza sema?" Akasema yote.

Tukakaa jikoni. Kendi akatengeneza chai, kisha akasahau kuondoka.

"He wouldn't eat for the other carer," Kulwinder akasema. "Two weeks. Alikuwa anauliza kama mvua imenyesha. I thought he was losing his mind." Akazungusha kikombe. "Why didn't you just tell me?"

"Kwetu safari haisemwi kabla ya viza."

"Because of bad luck?"

"Si bahati mbaya. Ni aibu. Ukisema halafu ukakosa, kila anayekuona anakukumbusha. Ukinyamaza, unakosa peke yako."

Kisha akacheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia, na mimi nikaona mkono wake hauna pete hata moja na kucha zimetafunwa. Mwanamke huyu anaogopa. Anakagua friji kwa sababu anaogopa. Mama yake alianguka jikoni kule Sparkbrook, na ni yeye aliyemkuta, Jumapili mchana. Hayo nimeyajua leo.

"I'm sorry," akasema. "I've told them it was my mistake."

"Lilikuwa kosa letu sote watatu," nikasema. "Nisamehe na mimi."

"I'm driving," akasema, kama anayetoa amri famasini. "Hamwendi bila mimi. And I did French at school."

Kendi akauliza kama gari lina nafasi ya mtu wa nne. Halina, kuna kiti cha magurudumu.

Jumanne, 8 Julai

Nimerudi kazini. Mzee amekula chapati mbili, nami nimeziandika kwenye faili kwa herufi kubwa.

Nilipokuwa nikimfunga vifungo vya shati akanishika mkono. "Iko kitu ingine. Hata Jaspal hapana jua."

Nitalieleza kama alivyonieleza, maana limeniingia.

Mchoro uliotoka Ufaransa ulitaka gia ya meno sitini. Inashikana na gia ndogo ya meno ishirini, na hiyo meno yake ni ya mbao. Sitini kwa ishirini inaingia mara tatu sawasawa. Maana yake ni kwamba kila mzunguko, jino lilelile linagonga jino lilelile, maisha yote. "Moja ikiwa mbaya, yaumiza mwenzake ileile kila siku mpaka yavunja." Lakini Kisumu alifundishwa na fundi mmoja, Lakhbir Singh, mtu mkali wa mikono, kwamba unaongeza jino moja. Yakiwa sitini na moja, hakuna anayekutana na yuleyule. Kila jino linazunguka likigusana na yote. "Shida yagawanywa. Kila moja yabeba kidogo."

Alimwambia msimamizi wake wa Tyseley. Msimamizi akasema fuata mchoro, hapa si Kisumu.

Mzee akakata sitini na moja. Hakumwambia mtu.

"Ikawa kubwa kidogo. Kama unywele. Wale wanafunga kule, lazima wasogeze kidogo. Kama wamejua, sawa. Kama wamelazimisha," akapiga kiganja kwa ngumi, "imekula mbao yote. Nimevunja kinu ya watu. Kinu ya miaka mia tatu, Jelagat!"

"Lakini msagaji aliandika."

"Aliandika mbele ya kufunga. Nyuma ya kufunga hapana barua. Mtu akifurahi, anaandika."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa mwakani yake. Miaka thelathini na saba aliogopa kwenda kuona. Mwaka 1990 Mama Jaspal alinunua viatu vya kutembelea milimani. Nimeviona leo chini ya kabati, soli safi kabisa. Nimemhurumia mzee na nimemkasirikia pia, kwa ajili ya mama yule.

"Sasa unataka kwenda kufanya nini?"

"Kujua," akasema. "Mimi nataka kufa nikijua."

Ijumaa, 18 Julai

London na kurudi, ofisi ya viza. Wameniuliza sababu ya safari. Nikasema kutalii. Karani akauliza nitaona nini. Nikamwambia pango, ngome, kanisa juu ya mwamba, mahali pa kufulia, korongo, kinu. Karani akaacha kuandika, akasema hata yeye angependa.

Alhamisi, 24 Julai

Mvua hapa, dakika kumi. Kule hakuna.

Jumanne, 29 Julai

Kule hakuna.

Jumatano, 6 Agosti

IMETOKA! Nimebusu ukurasa. Kendi amepiga vigelegele hadi jirani akagonga ukuta. Nimempigia mama Kapsabet, akauliza Ufaransa kuna nini. Nikamwambia kuna gia.

Jumapili, 17 Agosti

Saint-Orlan. Tumefika.

Siku mbili barabarani. Kulwinder anaendesha kwa mikono miwili na hazungumzi akiwa anapita lori. Mzee alilala Ufaransa nzima, akaamka tulipoanza kuteremka korongoni. Kijiji kiko chini kwenye kona ya mto, nyumba za mawe ya rangi ya asali zimepandana, na juu yake mwamba mkubwa na kanisa kichwani. Ni vilevile kama kijitabu, ila magari yameongezeka. Mzee alifungua kijitabu mapajani akawa anatazama juu, chini, juu, chini.

Tukaenda kinuni kabla hata ya kushusha mizigo. Mlango umefungwa. Gurudumu kubwa la nje limesimama kimya, limeota majani, na chini yake mto Verne ni ukanda wa maji ambao mbuzi angevuka bila kulowa magoti. Kuna tangazo. Kulwinder akalisoma kwa kidole: kinu hakisagi kwa sababu ya ukame, Madame Fabienne, mwenye kinu, yuko kwa dada yake hadi Alhamisi.

"Kimesimama kwa ukame," mzee akasema polepole, "ama kimesimama zamani?"

Tangazo halikusema.

Jumatatu, 18 Agosti

Kanisa la juu. Ngazi mia moja na kumi na nne zilizochongwa mwambani. Mzee alibaki chini kwenye benchi akatutuma tuone kwa niaba yake. Kulwinder alivaa viatu vya mama yake.

Ndani ni padogo kama sebule. Ukutani kuna watakatifu waliochorwa miaka mia nane iliyopita, wengine wamebaki macho tu. Nikasali kwa Kinandi, nadhani wameshasikia lugha nyingi. Nje, korongo lote lilikuwa chini yetu, na tumbusi wakubwa wanazunguka bila kupiga bawa. Nikaanza kutafuta mzoga. Mtu mmoja akamweleza Kulwinder kwamba ndege hao walikuwa wameisha kabisa, wakaletwa tena, na watu husafiri mbali kuja kuwaona. Kwetu tunawafukuza machinjioni.

Tuliposhuka, viatu vya Mama Jaspal vilikuwa vyeupe kwa vumbi. Mzee akavitazama, akainama kwa shida, akavipangusa kwa leso yake, kimoja kimoja. Kulwinder akasimama akikitazama kilemba cha baba yake kwa juu.

Jumanne, 19 Agosti

Pango. Njia ni tambarare, kiti cha magurudumu kikapita. Mawe yananing'inia kama mishumaa, na kila ncha ina tone la maji. Kiongozi akasema jiwe hukua urefu wa kidole kwa miaka elfu moja.

"Hii fundi hapana haraka," mzee akasema, na sauti yake ikaenda hadi mwisho wa pango na kurudi. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

Jumatano, 20 Agosti

Asubuhi ngome: kuta tatu na mtini uliootea kwenye dirisha la mfalme wa hapo. Mchana pa kufulia. Ni birika refu la mawe chini ya paa, na ukingoni mawe yameingia ndani mahali magoti yalipokuwa yakipigwa. Nikapiga magoti kwenye kishimo kimoja. Kikanitosha. Nikatoa leso yangu nikaifua, basi tu. Bibi mmoja wa kijiji akasimama, akanionyesha kwa mikono kwamba ninasugua vibaya. Tukabishana kwa mikono dakika tano, kila mtu kwa lugha yake, tukacheka sana. Yeye anapiga, mimi nasugua. Mama yangu angekuwa upande wangu.

Mbingu ni ya bluu tupu. Mzee haulizi tena habari ya mvua. Amekula nusu ya mkate.

Alhamisi, 21 Agosti

Soko la asubuhi: jibini, njugu za kizungu, vitunguu saumu vilivyosukwa kama nywele. Saa nane mchana upepo ukageuka. Saa tisa ngurumo milimani. Saa tisa na nusu ilianza kunyesha kama inavyonyesha Kapsabet, bila adabu, na barabara ikawa mto. Nikatoka nje nikasimama katikati. Kulwinder akaniita ndani kwa Kiingereza, kisha na yeye akatoka. Mzee dirishani anapiga kioo kwa mkongojo, sijui anatufukuza au anashangilia.

Jumamosi, 23 Agosti, ndani ya gari

Ya jana. Nayaandika yote.

Tulifika kinuni saa tatu asubuhi. Verne imejaa, ya rangi ya chai ya maziwa. Mlango wazi, na Madame Fabienne, mama wa miaka sitini hivi mwenye buti za mpira, anafagia matope. Kulwinder akashuka. Mimi nikashuka. Mzee hakushuka.

"Nenda wewe," akaniambia. "Hesabu. Kama ni sitini, wametoa yangu, wameweka ingine. Basi usiniambie kitu, twende nyumbani."

Nikaingia. Ndani kuna giza na harufu ya unga. Mambo yote yamesimama. Madame akaniwashia taa, na hiyo hapo gia ya chuma, kubwa kama sufuria la harusi, imelala kifuani mwa gia ndogo ya mbao. Sikuuliza ruhusa. Nikaweka kidole kwenye jino la kwanza. Nilipofika arobaini na tatu Kulwinder akakohoa nikapoteza. Nikaanza upya. Madame akanitazama, akaacha ufagio, akaja karibu.

Sitini. Na moja.

Nikahesabu tena. Sitini na moja.

"Soixante et une," Madame akasema polepole, kama aliyekuwa anangoja mtu aje kuhesabu. Kisha akaanza kusema haraka na Kulwinder akawa anamkimbilia nyuma. Kwamba zamani, kila mwaka baba yake, msagaji wa ile barua, alikuwa akibadilisha meno ya mbao yaliyovunjika, yaleyale matatu manne. Kwamba ilipokuja gia hii ilikataa kuingia, baba akatukana siku nzima, kisha akahesabu, akanyamaza, akasogeza mhimili. Na kwamba tangu siku hiyo meno ya mbao yamebadilishwa mara moja tu. Mara moja, kwa sababu yamezeeka yote pamoja. Miaka kadhaa baadaye, alipoona hayavunjiki, baba alimwandikia aliyeikata, lakini barua ilirudi: kiwanda kimefungwa, na anwani nyingine hakuwa nayo.

Sikungoja tafsiri iishe. Nikatoka mbio, mimi na magoti yangu haya.

"Baba! Sitini na moja! Na walisogeza mhimili!"

Hakuelewa. Nikarudia. Akatazama mikono yake, akaigeuza juu, akaigeuza chini. Halafu akanyoosha mmoja nimshike.

Alipoingia hakuitazama gia kwanza. Alimpa Madame mkono, naye Madame akambusu mashavu yote mawili, na kilemba kikasogea. Kisha akauliza kama kuna chaki. Chaki ikapatikana. Akatia alama kwenye jino moja la chuma, na alama kwenye jino la mbao lililoligusa.

"Fungua maji," akasema kwa Kiswahili, na Madame akaenda kufungua, sijui alielewaje.

Nje gurudumu kubwa likalia, likatikisika, likatupa majani yake. Sakafu ikaanza kutetemeka chini ya miguu. Gia ikazunguka. Alama ya chuma ikapanda, ikapita juu, ikashuka, ikakuta jino lingine lisilo na chaki.

"Moja," mzee akasema. Huhesabu kwa Kiswahili siku zote, ndivyo karakana ya Kisumu ilivyohesabu. "Mbili." Kila mara ilikuta jino lingine. "Tatu." Kufika kumi Kulwinder alikuwa anahesabu naye, kwa Kiswahili, huyu ambaye sijawahi kumsikia akimaliza sentensi mbili. "Kumi na sita. Kumi na saba." Madame anahesabu kwa lugha yake. Mimi sikuhesabu, nilikuwa nalia. "Kumi na tisa."

"Ishirini," na chaki ikakutana na chaki.

Mzee akatoa mkono akaugusa ukuta, ukuta tu, uliokuwa unatetemeka kwa ajili ya kazi yake. "Jaspal," akasema. "Iko sawa." Kulwinder akamwegemea begani, na wakasimama hivyo mpaka unga ukaanza kutoka.

Jumatatu, 8 Septemba

Faili: "Amekula chapati tatu, za unga wa Saint-Orlan. Amemeza dawa. Hana malalamiko." Daktari amesema moyo ni uleule, umechoka. Mzee amemwambia acha uchoke, umefanya kazi. Kulwinder alikuja jana, hakufungua friji. Alikaa, akamwomba baba yake amfundishe kuhesabu kwa Kiswahili kutoka ishirini kwenda sitini.

Nami wiki iliyopita nilimwombea mama viza aje Krismasi. Haijatoka. Inaweza isitoke. Nimemwambia Kendi, nimemwambia mzee, nimemwambia Kulwinder, na jana nilisimama kanisani nikatangaza mbele ya watu mia mbili. Mama kwa simu alishtuka. "Jelagat! Mbona unasema mapema hivyo? Na wakininyima?"

"Wakikunyima, mama, tutakuwa wengi wa kusikitika."